Makomeo Katika Ndoo

"Nimekuuliza mligombana nini, mzee. Sijakuuliza bunduki ilikuja nchini na nani."

Inspekta, mwanamke wa subira fupi, aliitupa kalamu mezani. Ikabingirika mpaka ukingoni, na mzee aliyekaa mbele yake akaidaka kabla haijaanguka, pingu zikiwa mikononi, akaiweka sawasawa juu ya karatasi. Watu wote walimwita Koplo. Jeshi alikuwa ameliacha zamani, mvi zilishamaliza kichwa na sasa zilikuwa zimeanza nyusi, lakini kitu kikianguka mbele yake hakuweza kukiacha kiende.

"Nakuja huko, afande," alisema. "Ila huwezi kufika huko bila kupitia huku."

"Tumepita huku tangu juzi."

Na kweli tangu juzi. Meja mstaafu, mwenyekiti wa klabu ya shabaha ya wanajeshi wastaafu, alikuwa ameuawa asubuhi akinywa chai kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yake. Risasi moja tu. Nyuma ya ua wa michongoma polisi waliokota ganda la risasi ya kizamani, ile ya bunduki za kuvuta kwa mkono ambazo jeshi liliwaachia wazee wa klabu wachezee shabaha. Maabara ikasema ganda limetoka kwenye bunduki ya Koplo. Na wiki hiyo hiyo ya mauaji, Koplo alikuwa amemkunja Meja shati mbele ya klabu nzima.

Kesi ya aina hiyo hujiandika yenyewe. Saa nane mchana gari lingekuja kumpeleka Koplo mahakamani, asomewe shtaka la mauaji, na shtaka la mauaji halina dhamana. Moyo wake ulikuwa unaenda kwa vidonge. Kwenye mahabusu ya gereza vijana wa miraba minne huingia kwa miguu na kutoka kwa machela, sembuse yeye.

Inspekta hakuamini kwamba ndiye. Mtu anayeipangusa bunduki yake kuliko anavyopangusa miwani haachi ganda lake kwenye majani. Lakini imani yake hiyo asingeweza kuifunga kwenye jalada na kumpelekea hakimu, na hilo lilimkera hadi meno yakamuuma.

"Haya sema," alisema. "Lakini fupi."

Koplo akakaa vizuri kitini. "Walikuja nazo wakoloni. Za kwanza zilikuwa na mtutu mrefu, askari mfupi akiisimamisha inampita kimo. Vita vikubwa vikawafundisha kwamba huwezi kukimbia vichakani na mlingoti, wakaufupisha mtutu. Tulipopata uhuru wenyewe wakaondoka, bunduki zikabaki. Tukabadili bendera, tukabadili kofia, bunduki zikawa zile zile. Mimi kuruta nimefundishwa kwa hizo. Unavuta komeo nyuma, ganda linaruka. Unasukuma mbele, risasi inaingia. Kila risasi ni kwa mkono wako, na ukikosa huna wa kumsingizia."

"Halafu?"

"Halafu zikaja hizi zinazomwaga zenyewe kama cherehani. Zetu zikapelekwa kwenye magwaride na mazishi ya wakubwa. Baadaye zikaingizwa karakana, na msimamizi wa karakana alikuwa huyo huyo Meja."

Inspekta akaokota kalamu. "Mligombana mambo ya karakana?"

"Hapana! Karakana alifanya kazi nzuri, Mungu amrehemu. Sikiliza. Komeo na bunduki ni mume na mke. Limesuguliwa likae kwenye bunduki hiyo moja, siyo nyingine. Namba iliyogongwa kwenye bunduki ndiyo imegongwa kwenye komeo. Karakana walichukua vyuma vya bunduki hii wakatia kwenye ile, kwa hiyo ile namba ya zamani ya juu wakaichora mstari, imekufa, wakagonga mpya chini ya mkono wa komeo. Kuruta ukichanganya makomeo unalala lokapu, na asubuhi unakimbia uwanja mpaka utapike."

"Mzee. Wewe na Meja mligombana nini?"

Koplo akatazama dirisha. Hapo hapo sauti ikamkauka, yeye aliyekuwa anatiririka.

"Mambo ya nyumbani hayo."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kile kitako cha bunduki, unajua ni mti gani ule? Watu wengi wanadhani—"

Inspekta akasimama na kutoka, akaubamiza mlango.

Kwenye benchi la korido alikuwa amekaa binti wa Koplo, sare ya uuguzi mwilini, chupa ya chai magotini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka majumbani kufunga vidonda na kuchoma sindano kwa wagonjwa wasioweza kwenda hospitali. Tangu baba yake akamatwe alikuwa anatoka kwa wagonjwa na kuja kukaa hapo, bila kulia wala kumsumbua mtu. Meja naye, mwenye mguu wa kisukari, alikuwa mgonjwa wake, na kwa ajili hiyo Inspekta alimwonea huruma maradufu. Amempoteza mgonjwa, sasa anampoteza baba.

"Dada, nisaidie," Inspekta alisema, akakaa pembeni yake. Alikuwa na wazo moja tu lililobaki, nalo alilishikilia kwa kucha. "Nani angeweza kuchukua bunduki ya baba yako asubuhi ile na kuirudisha bila yeye kujua?"

"Hakuna."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri, afande. Iko kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, na ufunguo anauvaa shingoni. Anaoga nao. Hata mimi nikitaka kuisafisha lazima nimwombe."

"Wewe unaisafisha?"

"Tangu mdogo. Wenzangu walinunuliwa wanasesere, mimi nilipewa kitambaa na mafuta."

Basi wazo lenyewe likafa hapo benchini. Inspekta alitamani mwanamke huyu angekuwa mwongo kidogo, angalau kwa faida ya baba yake. Angesema sanduku halifungi vizuri, angesema kuna jirani wa kutiliwa shaka, chochote.

"Waligombana nini yeye na Meja?"

Binti akakaza kifuniko cha chupa, ingawa kilikuwa kimekaza. "Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Ananipa historia ya jeshi."

"Baba akiona aibu huongea bunduki," binti alisema. "Amekuwa hivyo siku zote."

Inspekta akaingia ofisini kwake, akafunga mlango na kushika simu. Siku mbili nzima alikuwa amepigwa danadana. Makao makuu ya jeshi walimwambia bunduki za aina hiyo zilishafutwa, aende makumbusho. Makumbusho wakasema wao wanazo za kwenye vioo tu, aende wizarani. Wizarani wakampa kiti, kisha wakamwelekeza makao makuu ya jeshi. Safari hii akapiga maabara, kwa mtaalamu wao ambaye kituo kizima kilimwita Daktari wa Risasi, mtu aliyejibu simu kama aliyeamshwa usingizini hata iwe saa ngapi.

"Taarifa nilishatuma," alisema Daktari wa Risasi. "Ganda linalingana na bunduki ya mtuhumiwa. Unataka nini zaidi, nikuimbie?"

"Linalingana kwa alama zipi?"

"Za sindano inayogonga kitako cha risasi, na za uso wa komeo. Zimekaa pale pale. Sijawahi kuona zinazofanana hivyo."

"Na za mtutu?"

"Mtutu huacha alama kwenye kichwa cha risasi, siyo kwenye ganda. Na kichwa chenyewe kilimpitia marehemu kikaenda kujiponda ukutani. Mliniletea kitu kama pipi iliyotafunwa."

Maneno ya yule mzee yalikuwa bado yanamzunguka kichwani, yale ya mume na mke, na kuruta anayetapika uwanjani.

"Kwa hiyo ulichopima wewe ni komeo," alisema polepole. "Siyo bunduki."

"Komeo lilikuwa ndani ya bunduki, dada."

"Nani aliliweka?"

"Zilikuja hivyo hivyo kutoka kwenu. Zimeshafungwa."

Akakata simu bila kuaga, akateremka ghalani akiruka ngazi mbili mbili.

Sajini wa ghala la vielelezo alikuwa mtu mzima wa kitambi, mpole, mwenye kijiti mdomoni tangu asubuhi hadi jioni. Bunduki za klabu zilikuwa zimeegemea ukutani nyuma yake, saba, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe na kazi anayofanya baada ya jeshi: fundi saa, mwalimu, mchungaji na wenzao.

"Sajini, siku zilipoletwa hizi, ulitoa makomeo?"

"Sheria ya ghala, afande. Bunduki haiingii humu na komeo lake. Nilitoa yote." Alisema kwa fahari kabisa.

"Ukayaweka wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Ndoo gani?"

Sajini akaonyesha kwa kidevu. Pembeni ya mlango palikuwa na ndoo ya plastiki ya bluu, na sasa ilikuwa na tambara la deki.

"Na maabara walipozihitaji?"

"Nikayarudisha. Na zilivyorudi nimeziacha hivyo hivyo, sijayatoa tena."

"Kila komeo kwenye bunduki yake?"

Kijiti kikahama kutoka upande mmoja wa mdomo kwenda mwingine. "Yote yaliingia, afande. Mengine niliyasukuma kidogo."

Inspekta alitaka kucheka, akataka kulia, akataka pia kumvisha Sajini ile ndoo kichwani. Hakufanya lolote. Alisema, "Ziweke mezani. Zote," na Sajini, aliyeijua sauti hiyo, akaziweka haraka.

Alianza na ya Koplo. Akavuta komeo, akalitoa, akalipeleka kwenye mwanga. Namba ya juu haikufanana na ya bunduki. Akarukia ya pili. Haikufanana na yoyote. Ya tatu vivyo hivyo. Akajaribu kulinganisha hili na lile, la huku na kule, namba zikamcheza shere, hakuna hata moja iliyopata mwenzake. Akaketi juu ya kreti, mikono imejaa mafuta ya bunduki, akawaza kwamba jeshi lenyewe lilichanganya vyuma hivi kabla hata Sajini hajaingia kazini na hapa hakuna cha kuokoa. Kisha akaona ule mstari. Kila namba ya juu ilikuwa imepigwa mstari.

"Imekufa," alisema.

"Nani tena?" Sajini akashtuka.

Inspekta akaligeuza komeo, akafuta chini ya mkono wake kwa kidole gumba. Namba ndogo, safi, ilikuwa imejificha hapo. Sasa kazi ikaenda kama maji. Yeye akisoma, Sajini akitafuta. Komeo la fundi saa lilikuwa kwenye bunduki ya mwalimu. Komeo la mwalimu lilikuwa kwa mchungaji. Komeo la Koplo lilikuwa kwa fundi saa. Kati ya saba, moja tu ilikuwa na komeo lake, na hiyo ni kwa bahati.

"Na hili lililokuwa kwa Koplo?" Inspekta aliuliza. "Hili lililotoa lile ganda, mwenyewe nani?"

Sajini akainama juu ya bunduki ya mwisho, yenye kibati cha shaba kwenye kitako. Akasoma namba mara mbili. Kijiti kikaanguka.

"La Meja."

"Meja yupi?"

"Marehemu, afande. Uliagiza bunduki za wanachama wote. Na yeye si mwanachama? Nikaitoa kabatini kwake kwa ufunguo wa marehemu."

Mkuu wa kituo alisikiliza habari hiyo akiwa amesimama, na alipomaliza kuisikia akakaa. Alikuwa ameshazungumza na waandishi wa habari asubuhi, na tai yake nzuri bado ilikuwa shingoni.

"Unataka niandike kwamba kielelezo cha mauaji kilichanganywa kwenye ndoo ya deki?"

"Nataka uandike kwamba mzee hana hatia, mkuu."

"Meja kapigwa kwa bunduki ya Meja."

"Ndiyo. Na aliyeichukua aliirudisha ikiwa safi. Kabati lilikuwa limefungwa, nyumba imefungwa, hakuna kilichovunjwa."

"Basi mtafute mwenye funguo."

"Mpishi wake. Anadai alikuwa msibani kwao. Nitahakikisha kama alifika."

Mkuu akalegeza tai. Hakuwa mtu mbaya, ila alichukia kuchekwa kuliko alivyochukia maovu. "Mtoe huyo mzee," alisema hatimaye. "Lakini hakimu ananisubiri, na nimeshasema kwenye redio. Gari la saa nane haliendi tupu, unanisikia? Niletee mtu."

Inspekta akatoka. Kwa mara ya kwanza tangu juzi alikuwa anatembea bila kichwa kumuuma, na hilo la gari angelifikiria baadaye. Alipopita koridoni alimgusa binti begani. "Njoo, kaa hapa karibu na mlango," alimwambia. "Baba yako anakwenda nyumbani." Binti akafumba macho, akatoa pumzi ndefu. Inspekta akaingia, akauacha mlango wazi kwa makusudi, akamfungua Koplo pingu kwa mkono wake mwenyewe.

"Ulikuwa sahihi, mzee. Makomeo yalichanganywa. Na sisi."

"Nyinyi!" Koplo alifurahi na kukasirika kwa pamoja. Akasimama, akanyoosha shati. "Ningekuwa mkubwa wenu mngekimbia uwanja huo! Nilijua. Bunduki yangu haijapiga mtu tangu niiache kazi. Na lile komeo lililotoa ganda lilikuwa la nani, la yule fundi saa?"

"La Meja mwenyewe. Ilikuwa kabatini kwake. Aliyemuua alikuwa na funguo, ya nyumba na ya kabati. Tunamfuata mpishi."

Koplo alikuwa anakunja mkono wa shati. Mkono ukasimama.

"Mpishi yule hakuwa na ya kabati," alisema, kwa sauti ndogo, kabla hajajizuia.

"Umejuaje?"

Rangi ilikuwa inamtoka Koplo usoni, Inspekta akiona. Akarudi kitini taratibu, akaweka mikono mezani, viganja juu, pale pale pingu zilipokuwa.

"Andika," alisema. "Ni mimi."

"Mzee, acha mchezo. Nimekwambia uko huru."

"Nimemuua mimi. Kwa bunduki yake. Andika hivyo, nitie sahihi."

"Ufunguo uliupata wapi?"

Koplo akafungua mdomo. Inspekta alimwona akitafuta jibu, akiliacha moja, akishika jingine, na kila moja lilikuwa linarudi mahali pamoja. Hapo ndipo na yeye akapaona. Akashikwa na hasira, hasira kali juu ya kazi hii ambayo humlipa mtu kwa kumwonyesha asichotaka kukiona.

"Ninao mimi," ilisema sauti mlangoni.

Binti alikuwa amesimama kizingitini. Alikuja mpaka mezani, akatoa mfukoni mwa sare funguo mbili kwenye pete moja, akaziweka mbele ya Inspekta.

"Alinipa mwenyewe. Dawa alizifungia kabati moja na bunduki, kwa sababu ndilo pekee lililofunga."

"Nyamaza!" Koplo akapiga meza. "Afande, usimsikilize, huyu ni mtoto, hajui anachosema."

"Baba, mimi mtu mzima. Afande, kila nikiinama kumfunga mguu alikuwa ananishika. Nikamwambia baba. Baba akaenda akamkunja shati, na Meja akamwambia koplo ajue cheo chake. Wote wakacheka. Asubuhi iliyofuata ilibidi nirudi kumfunga kidonda, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Akanishika tena, huku na yeye anacheka. Nilimwekea chai yake barazani, nikaenda kabatini, kisha nikazunguka mpaka nyuma ya michongoma."

"Mbona hukusema walipomkamata?" Inspekta aliuliza. Sauti yake ilitoka ngumu kuliko alivyotaka. "Umekaa kwenye benchi lile siku zote hizi!"

"Nilijua ganda haliwezi kulingana na bunduki ya baba. Nilisubiri mgundue mmekosea, mumwachie. Kisha nikasikia limelingana, nikachanganyikiwa, sikujua linawezaje kulingana. Nilikuwa nimeshaamua, gari likifika tu nitasema."

"Hakuna cha kusema!" Koplo alimgeukia Inspekta, na macho yalikuwa yamejaa machozi. "Mwanangu, una taarifa ya maabara. Imetiwa sahihi. Imesema bunduki yangu. Iache kama ilivyo, na mimi nimekiri. Nani atauliza zaidi?"

Hakuna ambaye angeuliza zaidi. Mkuu angefurahi, waandishi wangefurahi, Sajini angerudisha makomeo na kunyamaza. Inspekta alikuwa na kalamu mkononi na hakukumbuka aliichukua saa ngapi. Alitamani kumpiga mtu, na hapo hapakuwa na wa kumpiga.

Honi ikalia nje. Dereva wa gari la mahakama akachungulia mlangoni, funguo za gari zikining'inia kidoleni, mtu mwenye haraka zake.

"Afande, gari tayari. Nani anakwenda?"

Baba na binti wakasimama kwa pamoja.